Mvinyo wa asili wa Italia: mtafute mkulima kwanza, chupa baadaye

Swali la msomaji: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, naishi Verona na kazi yangu ni kuhudumia meza mgahawani. Siku hizi mwenye mgahawa analeta mvinyo anaouita wa asili, kutoka kwa wakulima wadogo. Mingine nimeipenda kuliko yote niliyowahi kuonja. Lakini juzi mteja alirudisha chupa yenye ukungu iliyokuwa inanuka siki. Bosi akasema mteja ndiye asiyejua, mvinyo wa asili ndivyo ulivyo. Ni kweli? Nitautambuaje ulio wa kweli, na hao wakulima nawapata wapi? Na mwisho, mjomba wangu analima zabibu Dodoma. Njia hii ingemfaa?"

Dada yangu, nianze na ile chupa iliyorudishwa, maana naona ndiyo iliyokusukuma kuandika. Kwa jinsi ulivyoieleza, mteja alikuwa na haki yake. Ukungu kwenye glasi si kosa. Ni chembe za hamira na mashapo ambayo mkulima hakutaka kuyachuja. Siki ni jambo jingine kabisa. Kila mvinyo una asidi ya siki kidogo, na kidogo hicho kikikaa nyuma ya tunda huweza hata kuuchangamsha. Lakini siki ikiwa ndiyo inayotangulia puani, au ukisikia ile harufu kali ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, ujue bakteria wameshaula mvinyo huo na neno "asili" haliwezi kuurudisha. Anayemwambia mteja "ndivyo ulivyo" anawaharibia jina wakulima wanaokesha wakiosha mapipa ili jambo hilo hilo lisitokee.

Yapo makosa mengine mawili uyajue, kwa sababu kazini kwako yatakukuta. La kwanza ni harufu ya zizi la farasi, inayotokana na hamira moja iitwayo Brettanomyces. Ikiwa kidogo, wapo wanaoipenda. Ikizidi, mvinyo wa Sicilia na wa Piemonte hunuka mamoja, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: kazi yote ya shamba imefutika.

La pili ni gumu zaidi, na wenye kazi hii huliita ladha ya panya. Hili halinusiki. Unanusa glasi, safi. Unaonja, safi. Unameza, halafu baada ya sekunde kumi au ishirini inapanda nyuma ya ulimi ladha ya bisi zilizochacha, au ya kizimba cha panya kisichosafishwa, na haiondoki. Sababu yake ni kwamba vitu vinavyoileta havipai hewani mvinyo ukiwa na asidi yake kamili. Mate yakishaipunguza makali asidi hiyo mdomoni, ndipo vinapoachiliwa. Na watu hatulingani: mmoja huisikia mara moja, mwenzake wa meza moja haisikii kabisa. Kosa hili huwapata zaidi wanaotengeneza mvinyo bila salfa, ile dawa inayouzuia mvinyo usiharibike. Kwa hiyo unapofungua chupa ya namna hii kwa ajili ya mteja, usiiamini kwa kuonja haraka haraka. Meza, nyamaza, subiri nusu dakika. Wakulima waangalifu wakilikuta kosa hilo ndani ya pipa huuzuia mvinyo miezi mingi, wakati mwingine mwaka mzima, kwa kuwa mara nyingine hupungua lenyewe. Wasio waangalifu huuza.

Ukitaka kipimo cha nyumbani, kunywa nusu ya chupa, rudisha kizibo, iache kwenye friji mpaka kesho yake. Mvinyo uliotengenezwa vizuri bila salfa nyingi unasimama imara siku ya pili, na mara nyingi unakuwa mtamu zaidi kuliko jana. Uliotengenezwa ovyo unaanguka usiku huo huo. Mimi nakiamini kipimo hicho kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Italia haina sheria inayosema mvinyo wa asili ni upi. Yeyote anaweza kulisema neno hilo kwa mdomo, na kampuni kubwa zimeshajifunza kulisema. Kinachokubalika miongoni mwa wakulima wenyewe ni hivi: shamba halipigwi dawa za viwandani, zabibu huchumwa kwa mkono, juisi inachachuka kwa hamira zake zenyewe, hakuna kinachoongezwa isipokuwa pengine salfa kidogo, na mvinyo hauchujwi mpaka ukabaki maji ya rangi. Suala la hamira watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa sana. Mgema akiteremsha mnazi asubuhi hajatia hamira yoyote, na jioni tayari ni mkali. Zabibu nazo huja na hamira zao kwenye maganda, na nyingine zinaishi kwenye kuta na vyombo vya chumba cha kutengenezea. Ila mnazi unanywewa siku ile ile, wakati mvinyo unatakiwa uishi miaka. Ugumu wote wa kazi hii umo katika kuufikisha huko.

Kiwandani mambo hurahisishwa. Hamira za asili huuawa kwanza kwa salfa, kisha hutiwa hamira ya pakiti iliyochaguliwa kwa harufu inayotakiwa sokoni. Huongezwa chakula cha hamira, vimeng'enya, asidi pale jua lilipoimaliza, unga wa tanini, kile kinachokausha mdomo. Kisha mvinyo husafishwa na kuchujwa. Yote hayo ni halali, na sisemi ni sumu. Ninachosema ni kwamba mvinyo uliopitia huko unaweza kuwa umetoka popote.

Salfa ndiyo inayoleta ugomvi mwingi, basi shika namba chache. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu hadi miligramu 150 kwa lita kwa mvinyo mwekundu mkavu na 200 kwa mweupe. Ukiwa na cheti cha kilimo hai, kikomo ni 100 na 150. Chama cha VinNatur, kilichoanzishwa mwaka 2006, huwataka wanachama wake wasivuke 30 kwa mwekundu na 50 kwa mweupe, na hupeleka mvinyo wao maabara kutafuta mabaki ya dawa za shamba. Yale maneno "contiene solfiti", yaani "ina salfaiti", unayoyaona kwenye karibu kila chupa hayakusaidii kitu, kwa sababu ni lazima yaandikwe salfa ikizidi miligramu 10 tu, na hamira zenyewe huweza kuizalisha kiasi hicho bila mtu kutia chochote. Ukimkuta mkulima anatia miligramu 20 siku ya kujaza chupa ili mvinyo wake ufike salama, usimdharau. Mimi namheshimu kuliko anayejisifu kwa sifuri huku nusu ya chupa zake zina ladha ya panya.

Hata "cheti cha kilimo hai" kisikufumbe macho. Kinaruhusu salfa na shaba shambani dhidi ya magonjwa ya ubwiri unga na ubwiri vinyoya, jambo ambalo karibu kila mkulima wa Italia analihitaji, na shaba ina kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka saba. Lakini kwa habari ya chumba cha kutengenezea, cheti hicho kinaacha mambo mengi wazi, hamira ya pakiti ikiwemo.

Ndiyo maana nakwambia umtafute mkulima. Na kazi hiyo inaanza kwa kugeuza chupa na kusoma nyuma yake, maandishi madogo. Ukikuta "integralmente prodotto e imbottigliato all'origine", likifuatiwa na jina la "azienda agricola", maana yake zabibu, mvinyo na chupa vyote vimetoka kwenye shamba moja. Ukikuta "imbottigliato da" na basi, hapo kuna mtu aliyejaza chupa tu, na mvinyo wenyewe huenda ulikuja kwa lori la tangi. Tangu Desemba 2023 chupa mpya za Ulaya lazima pia zitaje viambato, ama kwenye karatasi ama kwa ule mraba wa kuskani kwa simu. Uskani. Penye "zabibu" peke yake, au "zabibu na salfaiti", umeshajua mengi.

Angalia pia kofia ya chupa. Shirikisho la wakulima huru wa mvinyo, FIVI, lililoanzishwa mwaka 2008, lina alama ya mtu aliyebeba kikapu cha zabibu. Alama hiyo haimaanishi mvinyo wa asili. Inamaanisha kwamba aliyeandikwa pale analima mwenyewe, anatengeneza mwenyewe na anauza kwa jina lake. Kwa mtu anayeanza, hiyo ni hatua kubwa kuliko neno lolote zuri la mbele ya chupa.

Usishangae ukikuta mvinyo mzuri sana umeandikwa "vino bianco" (mvinyo mweupe) tu, bila jina la mji wala eneo. Mfumo wa DOC wa Italia ulianza mwaka 1963 kulinda majina ya maeneo, na mvinyo ukitaka kutumia jina hilo hupita mbele ya kamati ya waonjaji. Kamati hiyo ikiona rangi imekoza au kuna ukungu, huweza kuukataa kwamba haufanani na wenzake. Wakulima kadhaa walichoka kukataliwa, wakajitoa. Wamepoteza haki ya kuandika mahali wanapolima, hata kama babu zao walilima pale pale. Ukubwa wa hasara hiyo utauona ukijua Muitalia anavyojivunia kijiji chake.

Kabla sijakutuma safari, jua walikotoka watu hawa. Katikati ya Italia na sehemu nyingi za kaskazini, wakulima walikuwa wanalima ardhi ya mwenye shamba kwa kugawana mavuno, mfumo uitwao mezzadria. Mikataba mipya ya aina hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1964. Vijana waliacha mashamba wakaenda viwandani, na waliobaki wengi walianza kuuza zabibu kwa kilo kwenye ushirika. Anayelipwa kwa kilo huongeza kilo. Kisha mwaka 1986 ikaja aibu kubwa: mvinyo wa bei ya chini kutoka Piemonte ulichanganywa na methanoli ili kupandisha kilevi, na zaidi ya watu ishirini wakafa, wengine wakapofuka. Baada ya hapo watu walianza kuuliza nani ametengeneza, na kwa nini.

Mmoja aliyekwenda mbali kuliko wengi ni Josko Gravner wa Oslavia, kijiji kilicho juu ya mji wa Gorizia, jirani kabisa na mpaka wa Slovenia. Katika miaka ya 1980 alikuwa na kila kitu ambacho soko lilikitaka: matangi ya chuma cha pua, mapipa madogo mapya ya Kifaransa, jina kubwa. Mwaka 1987 alisafiri hadi California kujifunza zaidi, akaonja mvinyo mwingi, akarudi amevunjika moyo, kwa sababu aliona mwisho wa njia aliyokuwa akiifuata. Mwaka 1996 mvua ya mawe iliangamiza karibu zabibu zake zote za Ribolla. Kile kidogo kilichobaki akakifanyia jaribio: akaziacha juisi na maganda pamoja, kama zabibu nyekundu zinavyofanywa. Mwaka 2000 alikwenda Georgia, nchi ya Kaukasia ambako mvinyo huchachukia ndani ya mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini, na kuanzia mavuno ya 2001 akahamia kwenye mitungi hiyo. Ribolla yake hukaa humo na maganda yake miezi mingi, kisha miaka katika mapipa makubwa ya mwaloni. Baadaye akang'oa hata Chardonnay na Sauvignon zilizompatia sifa, abaki na zabibu ya kwao.

Wateja wengi wa zamani walimkimbia. Rangi ilikuwa ya kaharabu, mdomo unakauka kwa tanini, na mvinyo huo ulikuwa unaitwa mweupe. Jirani yake, Stanko Radikon, aliyefariki mwaka 2016, alifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Alikumbuka kwamba babu yake aliziacha zabibu nyeupe na maganda yake ili mvinyo wa nyumbani udumu mwaka mzima bila kuharibika. Tanini ya maganda inaulinda mvinyo, na hicho ndicho kiini cha jambo lote. Kilichoonekana kichaa mjini kilikuwa akili ya mkulima asiyekuwa na friji wala duka la dawa. Radikon alikwenda hadi kuacha salfa kabisa katika mvinyo wake mkuu, na akautia kwenye chupa za nusu lita na za lita moja, zenye shingo nyembamba ili hewa inayopita kwenye kizibo iwe kidogo.

Mvinyo wa namna hii ukifika kwenye meza yako, usiutoe kwenye friji ukaupeleka ukiwa baridi sana. Baridi inaifanya tanini iwe chungu na inaficha harufu. Uache ufike nyuzi 14 au 16, na upe glasi kubwa. Pendekeza chakula chenye nguvu, kwa sababu saladi itapotea.

Lakini Oslavia ni mbali kwako na chupa za Gravner ni ghali. Wewe anzia karibu na unapolala. Panda treni ya mkoa kutoka Verona kuelekea Vicenza, ushuke Montebello, na chini ya saa moja uko mlangoni pa vilima vya Gambellara. Ardhi pale ni mawe meusi ya volkeno ya kale, na zabibu yake ni Garganega, ile ile inayotengeneza mvinyo mweupe wa Soave upande wa pili wa kilima. Ng'ambo zote mbili zimetoa bahari ya mvinyo wa bei rahisi usio na ladha, na kwa sababu hiyo watu wengi hawajui zabibu hiyo ina nini ndani yake. Mavuno yakipunguzwa na zabibu zikiachwa ziive, utapata tufaha, lozi, maua makavu ya kamomili, na chumvi kidogo mwishoni.

Huko ndiko alikoanzia Angiolino Maule, mwenye shamba la La Biancara. Yeye na mkewe Rosamaria waliendesha pizzeria, wakanunua shamba, na mwisho wa miaka ya 1980 wakaanza kujaza chupa zao. Yeye ndiye mwanzilishi wa VinNatur niliyoitaja. Ninachompendea ni kwamba haoni haya kusema kuwa mvinyo wa asili unahitaji sayansi zaidi kuliko ule wa kawaida, kwa vile huna dawa ya kukuokoa. Tafuta chupa yake iitwayo Masieri, ambayo ni ya kila siku, na Sassaia ukipata nafasi. Zionje siku moja, kando ya Soave ya kawaida ya dukani, bila kuangalia majina.

Kutoka hapo nenda kwenye vilima vya Conegliano na Valdobbiadene, vilivyoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2019. Prosecco unayoimimina kila jioni hupata mapovu yake ndani ya tangi kubwa la shinikizo, njia ambayo Federico Martinotti aliisajili mwaka 1895. Kabla matangi hayo hayajaenea, wakulima wa huko walijaza mvinyo kwenye chupa majira ya kuchipua ukiwa bado na sukari kidogo. Joto likirudi, hamira zinaamka, mapovu yanazaliwa humo humo, na mashapo yanabaki chini. Huo ndio "col fondo". Tangu 2019 hata kanuni za DOCG ya huko, ngazi iliyo juu ya DOC, zimeutambua, kwa jina la "sui lieviti".

Nataka uujue mvinyo huu vizuri, kwa kuwa ndio utakaokujengea wateja. Siku moja kabla, simamisha chupa wima kwenye friji mpaka mashapo yatulie, utaona utando wa rangi ya maziwa chini kabisa. Mara nyingi ina kofia ya chuma kama ya bia, basi ifungue taratibu bila kuitikisa. Mimina glasi mbili za kwanza kwa mkono mmoja usiotetereka, bila kuisimamisha chupa katikati, maana ukiirudisha wima mashapo hupanda. Mteja aonje: mkavu, ndimu, mwepesi, mapovu madogo. Kisha zungusha kile kilichobaki na ummiminie tena. Sasa una ukungu, unanukia mkate, na mdomoni umejaa. Chupa moja, ladha mbili. Wengi ambao walikuwa wanauogopa mvinyo wenye ukungu niliona wamebadilika hapo hapo. Mletee na samaki wadogo wa kukaanga.

Upande wa kusini, Emilia ina Lambrusco (mvinyo mwekundu wa mapovu) ya namna hiyo hiyo, iliyochachukia kwenye chupa, kavu na kali kwa asidi. Haina undugu wowote na ile tamu ya supamaketi. Na kwenye vilima vya Piacenza yupo Elena Pantaleoni wa La Stoppa. Shamba lake lilikuwa limepandwa zabibu za Kifaransa, akazing'oa nyingi akazipa nafasi Barbera na Bonarda, kwa sababu joto la bonde lile si la Bordeaux, Ufaransa. Mvinyo wake mweupe uitwao Ageno, hasa Malvasia iliyokaa na maganda, ni mkali, una tanini, na hautafuti kumfurahisha kila mtu. Abruzzo kuna familia ya Emidio Pepe, ambayo tangu 1964 inakanyaga zabibu nyeupe kwa miguu na kuzitoa nyekundu kwenye vikonyo kwa mikono, juu ya wavu. Sicilia, katika eneo la Vittoria, muulizie Arianna Occhipinti na zabibu iitwayo Frappato, nyekundu nyepesi unayoweza kuinywa ikiwa na ubaridi kidogo. Hao wachache wanakutosha mwaka wa kwanza.

Ila usichanganye jadi na asili. Mjini Barolo, marehemu Bartolo Mascarello, aliyefariki mwaka 2005, alikataa katakata mapipa madogo ya lita 225 yaliyokuwa mtindo wa wakati wake, akaendelea na mapipa makubwa ya zamani. Alifika hadi kuchora karatasi ya chupa iliyoandikwa "No barrique, no Berlusconi", yaani hapana mapipa hayo madogo, hapana Berlusconi, yule mwanasiasa tajiri. Huo ni mvinyo wa jadi wa kiwango cha juu, na yeye hakuhitaji kuuita asili. Ukimkuta mkulima mdogo, mnyoofu, anayefanya kama baba yake alivyofanya na anatia salfa ya wastani, usimpite kwa sababu hayumo kwenye orodha ya mtu fulani.

Wakati mzuri wa kuonja wengi kwa siku moja ni Aprili. Wiki ambayo maonyesho ya Vinitaly yanajaza mji wako, wakulima wa asili hukutana pembeni: wa VinNatur mara nyingi upande wa Vicenza, na wa ViniVeri, kundi jingine la wakulima wa asili, mjini Cerea, kusini tu mwa Verona. Unalipa kiingilio na unapewa glasi. Nenda asubuhi mapema, tema mate kwenye ndoo bila aibu, na usijaribu meza zote. Chagua zabibu moja au eneo moja, uwaonje wote wa hapo. Jioni utakuwa umejua Garganega, na hicho ni kitu cha kudumu.

Ukitaka kumtembelea mkulima kwake, piga simu au uandike kabla. Usiende Septemba wala mwanzoni mwa Oktoba, wako kwenye mavuno na huna kazi ya kuwasaidia. Wengi ni mtu na mke wake, pengine na kijana mmoja, na muda wanaokupa wameutoa shambani. Wakikuonjesha, nunua chupa mbili tatu kabla ya kuondoka, ndiyo adabu. Mvinyo wa kila siku wa wakulima hawa kwa kawaida huuzwa shambani kati ya euro 10 na 20. Waombe wakuonyeshe shamba kwanza, kabla ya glasi. Uliza wanachuma lini, wanafanya nini mvinyo ukikwama katikati ya kuchachuka, na mwaka upi uliwashinda. Swali hilo la mwisho nalipenda sana. Mkulima wa kweli atakupeleka kwenye kona yenye pipa alilokataa kuliuza, na atakueleza sababu. Mfanyabiashara atakwambia kila mwaka ulikuwa mzuri.

Kuhusu bosi wako: mwambie kwa upole mvinyo hizi haziwezi joto. Kama zile chupa zilikaa karibu na jiko au kwenye gari siku ya Julai, huenda mkulima hana kosa lolote. Zenye salfa kidogo hazina ngao, na hamira zilizolala huamka. Sehemu yenye giza na ubaridi usiobadilika itapunguza malalamiko yenu.

Sasa mjomba. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka tangu wamisionari walete mizabibu katika miaka ya 1950, na zabibu ya Makutupora nyekundu ina nguvu za kutosha. Kikwazo chake ni joto. Zabibu ikiivia kwenye joto hupoteza asidi, na asidi ikipungua, bakteria wa siki na wa ladha ya panya wanapata makao, hata salfa yenyewe hufanya kazi kidogo. Pia hamira zikifika nyuzi 35 huchoka na kusimama, zikiacha sukari ambayo bakteria wanaisubiri. Kwa hiyo asiige Gravner. Aanze na ndoo, kwa kunywa nyumbani, si kuuza.

Juma moja kabla ya mavuno, achume kilo chache za zabibu safi kabisa alfajiri, zikiwa bado baridi, azigawe kwenye ndoo tatu zilizooshwa kwa maji ya moto. Azisage kwa mikono, afunike kwa kitambaa safi, aziweke kwenye chumba chenye ubaridi na hewa ya kutosha, na azizamishe maganda mara tatu kwa siku. Baada ya siku nne au tano anuse. Ndoo yenye siki au rangi ya kucha imwagwe bila huruma. Yenye harufu safi ya tunda na mkate ndiyo itakayokuwa hamira ya mavuno yake makubwa. Wakulima wengi wa Italia hufanya hivyo hivyo. Mavuno yenyewe ayafanye alfajiri, mapema kidogo kuliko anavyochuma akiuza kwa kilo, ili asidi ibaki. Apime joto na sukari asubuhi na jioni kwa kipimajoto na haidromita, aandike kwenye daftari. Mvinyo ukishamaliza sukari, atie salfa kidogo. Akishapata namba za wiki ya kwanza, nitumie, nitakwambia kama aendelee au auwahi kuupoza.